Huyo si kifaranga cha kamba

Wiki iliyopita mwanafunzi aliinua jicho kwenye hadubini akaniuliza: "Mwalimu, hivi vifaranga vya kamba vitakua lini?" Hapa Dodoma nimelisikia swali hilo hadi nimechoka, na pwani nalisikia kwa watu wanaokanyaga tope la mikoko kila siku. Basi leo naliandikia.

Tope alilokuwa akilitazama nililichota kwenye mikoko ya Kunduchi, nikalichekecha, nikalitia rangi ya waridi ili viumbe waonekane, nikaja nalo huku kwenye chupa. Kiumbe aliyeonwa na mwanafunzi ni kopepodi wa bentosi, yaani mnyama mdogo wa jamii pana ya kamba na kaa aishiye kwenye tope la chini ya maji; hafikishi milimita moja. Nikamwambia amtazame tena, chini ya tumbo: pana kifuko, na mayai yamesongamana ndani kama punje za mtama. Mtoto gani hubeba mayai? Huyo ni mama. Ameshajivua gamba mara yake ya mwisho, hakui tena.

Amfipodi, mnyama mwingine mdogo wa jamii hiyo, akiitwa kifaranga ndiyo nakereka zaidi. Kambamiti humwaga mayai majini, yakaanguliwa mabuu yasiyofanana na mama hata kidogo, yakachukuliwa na maji. Amfipodi jike huatamia mayai kwenye mfuko ulio chini ya kifua, na watoto hutoka wakiwa na umbo lake. Hatua ya kuelea hawana. Ukifukia tope lao kwa kifusi au ukalimwagia oili chafu, usingoje mkondo ulete mabuu wazibe pengo. Labda aje mkubwa aliyesombwa au aliyeogelea mwenyewe. Watu hudhani wamekufa watoto tu, wazazi wako huko baharini watazaa wengine. Waliokufa ndio wazazi!

Kazi ya kopepodi na amfipodi ni kula majani yaliyooza, bakteria na mwani mdogo, kufukua tope oksijeni ipenye, kisha kuliwa na samaki wachanga. Hata nyangumi wa kijivu, katika Bahari ya Bering, hufyonza tope la chini kuwatafuta amfipodi.

Wachanga wa kweli wamo, sikatai, na hao hunishinda. Spishi tunaitambua kwa miguu ya aliyekomaa, kwa hiyo daftarini mwangu huandikwa "kopepodi mchanga", basi. Orodha yangu ya spishi ina tundu hapo.

Ila kopepodi asiye na kifuko usimwite mtoto papo hapo. Tazama vipapasio vya mbele: vikiwa vimevimba na kupinda, huyo ni dume, na ndivyo anavyomshikia jike.