Nani atakesha wewe ukilala?

Kila nikifundisha riwaya za baada ya maangamizi, wanafunzi huja na jibu mkononi: ondoa serikali, umeme na chakula cha dukani, binadamu atarudi kuwa mnyama. Wana na methali ya kuwaunga mkono, mwenye njaa hana miiko. Hoja yenyewe ni kongwe. Mwaka 1651 mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes aliandika kwamba pasipo mamlaka ya kuogopwa na wote, kila mtu yuko vitani na kila mtu. Kuzisoma riwaya hizi ndiyo kazi yangu, na naona zile zilizoandikwa vizuri zinaikataa hoja hiyo.

Tuanze na The Road ya Mmarekani Cormac McCarthy, iliyotoka mwaka 2006 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Baba na mwanawe mdogo wanatembea kuelekea kusini katika nchi iliyogeuka majivu. Hakuna kinachoota, wanyama wamekwisha, na baadhi ya manusura wanakula watu. Njaa ni ile ile kwa wote. Hata hivyo mtoto anamtaka baba yake amhakikishie kwamba wao hawatakula mtu, hata wakifa njaa, na baba anaahidi. Basi mwenye njaa huyu ana mwiko, tena anaushika akiwa mifupa mitupu.

Kwa hiyo njaa peke yake haielezi uovu. Katika nyumba moja baba na mwana wanavunja kufuli ya mlango wa sakafuni, wanashuka, wanakuta watu uchi wamefungiwa gizani, mmoja wao tayari amekatwa miguu. Ni akiba ya nyama. Wenye nyumba, wanaume kwa wanawake, wanaonekana kwa mbali wakirudi pamoja. Hawa hawajarukwa na akili. Wana kufuli, wana stoo, wanajua nani ni wao na nani ni chakula. Na jambo linalonisumbua kila nikilisoma tukio hilo ni kwamba wao kwa wao wanaaminiana.

Mwandishi Mreno José Saramago alilionyesha hilo kwa ukali zaidi katika riwaya yake ya mwaka 1995 kuhusu upofu unaoambukiza. Vipofu wamefungiwa katika jengo la wagonjwa wa akili, na wahuni wa wodi moja wanateka chakula kwa bastola moja tu. Kwanza wanadai vitu vya thamani, kisha wanadai wanawake. Wana hata mhasibu, kipofu wa tangu kabla ya janga, anayeandika hesabu kwa nukta nundu, maandishi ya vipofu yanayosomwa kwa vidole. Kikundi kile kisingedumu siku mbili bila wenyewe kuaminiana. Ndiyo maana siwaungi mkono wahakiki wanaosema riwaya hizi zinasifu kuaminiana. Majambazi nao wanaaminiana. Ukitaka kujua wema wa kikundi cha manusura, tazama wanavyomtendea mtu wa nje anapofika, hasa asiye na kitu cha kuwapa.

Kuna sehemu ya The Road ambayo huwa nawasomea wanafunzi polepole. Wakiwa pwani, mtu mmoja anawaibia kila kitu. Wanamfuata na kumkuta barabarani na toroli lao. Baba anamwelekezea bastola, anamwamuru avue nguo zote, hata viatu, aviweke kwenye toroli. Mwizi anaomba, anasema ana njaa, anasema hata yeye baba angefanya hivyo. Baba anamjibu kwamba anamwacha kama alivyowaacha wao, na anamwacha uchi kwenye baridi. Kwa hesabu ya kulipa deni, hapo hakuna dhuluma. Lakini mtoto analia, hanyamazi, mpaka baba anageuza. Wanaita, mwizi haonekani, wanaacha nguo na viatu vyake barabarani. Baba anajitetea kwamba hakukusudia kumwua. Mtoto anasema: lakini tumemwua. Baba anampenda mwanawe kuliko kitu chochote kilichobaki duniani, na upendo huo umechora duara la watu wawili. Mtoto ndiye anayeuliza habari za wa tatu.

Mwandishi Mmarekani Octavia Butler anajibu swali ambalo McCarthy analiacha: duara hilo hupanuliwaje bila kujimaliza? Parable of the Sower ilitoka mwaka 1993, na hadithi inaanza mwaka 2024. Lauren Olamina, binti wa Kalifonia, anatembea kuelekea kaskazini baada ya mtaa wao kuteketezwa. Ana hali ya kuhisi maumivu ya anayemwona akiumia, na anaificha, maana adui akiijua amemmaliza. Anapanua kundi lake mtu kwa mtu. Anapenda kuwapokea wenye watoto, kwa kuwa wana cha kupoteza. Na kuna zamu ya usiku. Kumpa mtu zamu ya kulinda ni kumpa koo lako ukiwa usingizini. Hakuna kiapo kinachozidi hicho. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Butler analijua jembe hilo: imani hujengwa kwa kazi ndogo ambayo kushindwa kwake kutaonekana asubuhi.

Watafiti wa majanga halisi, akiwemo Enrico Quarantelli aliyeshiriki kuanzisha kituo cha utafiti wa majanga huko Ohio, Marekani, mwaka 1963, walikuta kwamba walionusurika kwa kawaida husaidiana, na taharuki ni nadra. Kinachoua pia ni woga wa kuwaogopa manusura. Katika mji wa New Orleans, Marekani, mwaka 2005, siku chache baada ya kimbunga Katrina, polisi waliwafyatulia risasi raia wasio na silaha kwenye daraja la Danziger na kuua wawili.

Ila riwaya hizi zinaondoa kitu ambacho majanga mengi halisi hayaondoi, nacho ni kesho ya pamoja. Mtaalamu wa sayansi ya siasa Robert Axelrod alieleza mwaka 1984 kwamba watu hushirikiana wanapotarajia kukutana tena. Barabarani hamkutani tena, ndiyo maana waandishi wanapenda kuwaweka wahusika wao barabarani.

Mwishoni mwa The Road baba anakufa, na mtu mwenye bunduki, aliye na familia yake, anamjia mtoto. Mtoto anamuuliza atajuaje kama yeye ni mwema. Hawezi kujua, anaambiwa, itabidi abahatishe. Anauliza kama wana watoto, kama wanakula watu, kisha anakwenda nao. Mtu yule anasema walijadiliana kama wawafuate baba na mwana au wasiwafuate, yaani familia hii ilikuwa karibu. Baba angekuwa hai, angemshika mtoto mkono wajifiche vichakani wasionekane nao.