Elimu ya hatari za mabomu ya ardhini: maana yake na inavyofanywa

Elimu ya hatari za mabomu ya ardhini ni kazi ya kumsaidia mtu anayeishi karibu na mabomu yaliyoachwa na vita aendelee na maisha yake bila kuuawa wala kupoteza mguu, mpaka wategua mabomu wafike. Na huo "mpaka" ni mrefu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Msumbiji viliisha mwaka 1992. Nchi ilitangaza kuwa imesafisha maeneo yote ya mabomu yaliyojulikana mwaka 2015. Kwa miaka 23 watu walilima, walichota maji na kuchunga mifugo katika nchi hiyohiyo.

Siku hizi wataalamu husema elimu ya hatari za vilipuzi, maana bomu lililotegwa ni sehemu moja tu ya tatizo. Yapo pia makombora, mabomu ya mkono na vibomu vya mtawanyiko (vidogo vinavyomwagwa vingi kutoka bomu moja kubwa) vilivyoanguka bila kulipuka. Bomu la kutegwa hungoja kukanyagwa au uzi wake wa mtego kuguswa. Kombora lililolala juu ya ardhi mara nyingi huua kwa sababu mtu amelishika: mtoto amelirusha, au mtu mzima analigonga apate chuma cha kuuza. Kwa hiyo "angalia unapokanyaga" humfaa mkata kuni. Muuza skrepa anahitaji somo jingine kabisa.

Wafundishaji wengi hukosea kwa kuanza na aina za mabomu: hili jina lake hili, lile rangi yake ile. Bomu likishazikwa halionekani, na likifukuliwa na mvua huwa limejaa kutu na udongo hata halifanani na picha. Zaidi ya hapo, mtu aliyefundishwa kulitambua huanza kujiona fundi. Kinachofaa kufundishwa ni dalili za mahali: njia iliyoota majani ilhali ndiyo ya mkato, mifupa ya mnyama, mahandaki, ganda la risasi, nyumba moja isiyokarabatiwa katikati ya zilizojengwa upya. Wenyeji nao huweka alama zao, kama fimbo mbili zilizopishanishwa, fundo la majani au kopo juu ya kijiti. Sehemu nyingi wategua mabomu hupaka mawe rangi: upande mwekundu unatazama hatari, mweupe unatazama palipo salama.

Imani potofu lazima zijibiwe moja moja. Eti mabomu huzeeka yakafa: ganda la plastiki huweza kukaa ardhini miongo kadhaa na baruti yake bado ni nzima. Eti kuchoma nyasi husafisha shamba: moto hulipua machache, mengine huyaacha yakiwa hatari zaidi. Eti bomu la ardhini la kulenga magari halimhusu mwenda kwa miguu: ni kweli kwa kawaida huhitaji kukanyagwa na uzito wa zaidi ya kilo 100, lakini kutu hubadilisha mambo, na mara nyingi huzungukwa na madogo ya kulenga watu. Hayo madogo, kama PMN la Kisovieti lenye gramu 240 hivi za kilipuzi cha TNT, hulipuka kwa uzito wa kilo chache tu. Uzito wa mtoto unatosha na kuzidi. Na ile ya kwenye filamu, kwamba ukikanyaga unasikia "tik" kisha unabaki umesimama kuokolewa, isahauliwe. Hulipuka palepale.

Ukijikuta umeingia eneo la hatari, simama. Usiinue mguu hata mmoja. Piga kelele kuwaonya walio nyuma wasikufuate, kisha tazama miguuni na pande zote bila kusogea. Ngoja msaada, hata ukichukua saa nyingi. Kurudi kwa kukanyaga nyayo zako ni njia ya mwisho, na ni pale tu unapoziona waziwazi. Kwenye mawe au nyasi haiwezekani. Mwenzako akilipukiwa, usimkimbilie. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo la kufanyia mazoezi: mmoja alale chini akilia, wengine wajizoeze kusimama, kumtuliza kwa sauti na kumtuma mtu aite msaada.

Si kila anayeingia eneo la mabomu hajui. Yupo asiyejua kabisa. Yupo aliyesikia habari zisizo sahihi. Yupo kijana anayejionyesha. Na yupo anayejua vizuri sana lakini kuni ziko huko na watoto hawajala. Huyu wa mwisho bango halimsaidii kitu. Anachohitaji ni kisima upande wa pili wa kijiji, au kipande chake kisafishwe kwanza. Mfundishaji makini huyabeba hayo hadi kwa wanaopanga kazi ya uteguaji na usafishaji, badala ya kumwongezea hotuba.

Vifaa vya kufundishia navyo vijaribiwe kwanza kwa watu wachache. Msalaba mwekundu wa kukataza juu ya picha husomwa na wengine kama hospitali, na mguu mkubwa uliochorwa peke yake humfanya mzee aulize huyo jitu ni nani. Bomu halisi lisiletwe darasani hata kama limeondolewa baruti, na sanamu zake zisiachwe kwa watoto, maana zitageuka vichezeo.

Mwisho kuna taarifa. Anayeona kitu asikiguse, asikirushie jiwe, wala asichimbie kijiti karibu nacho. Aweke alama pale aliposimama, upande wa njia aliyotokea, kisha aeleze ameona nini, lini, na kwa kutaja mti, daraja au jengo lililo karibu. Taarifa hizo zikikaa miezi bila mtu kufika, wanakijiji huacha kuzitoa na kuanza kuviondoa vitu hivyo wenyewe.