Tangi la maji taka chini ya basi: tunayodanganyana gereji na ukweli wake

Mteja wa kwanza kuniletea Costa, basi dogo la Toyota Coaster, ili igeuzwe nyumba ya kutembea alikuwa na kila kitu kwenye simu: picha ya kitanda, picha ya jiko, picha ya choo kilichobanwa nyuma ya mlango. Ya tangi la maji taka hakuwa nayo. "Hilo utaona mwenyewe fundi, utalifungafunga huko chini." Nikalifungafunga kweli. Flati bari mbili, yaani vyuma bapa, zimelizunguka kama mkanda wa suruali, bolti nne zimepanda hadi sakafuni, kazi haikufika saa mbili. Wiki ya tatu akapiga simu akiwa njia ya Karatu: flati bari moja imekatika, tangi limeinama upande, linakwaruza lami kila akipita tuta. Limejaa. Mke wake hataki tena kuingia ndani ya gari.

Makosa yalikuwa yangu, na karibu yote yalitokana na maneno ambayo mafundi na wateja tunarudiana mpaka tunayaamini.

"Maji machafu yanamwagwa kila siku, hayana uzito"

Yanamwagwa wapi? Ukilala porini siku tatu, hakuna pa kumwaga. Lita moja ya maji ni kilo moja, na maji ya kuoshea vyombo hayapungui uzito kwa sababu ni machafu. Tangi la sentimita 100 kwa 60 kwa 25 hubeba lita 150. Weka plastiki lenyewe na vyuma vyake, uko kilo 170 hadi 180. Hao ni watu wazima wawili na nusu wananing'inia chini ya gari.

Kuna mtego mwingine kwenye vipimo. Wateja wengi wanaangalia video za Marekani, ambako watu hununua mabasi ya shule yaliyostaafu na kuyafanya nyumba, na kule wanahesabu kwa galoni. Galoni ya Marekani ni lita 3.785. Ya Uingereza ni lita 4.546. Tangi la "galoni 40" ni kilo 151 kwa Mmarekani na kilo 182 kwa Mwingereza. Mimi nikiambiwa galoni nauliza za nani, au nachukua futi nipime mwenyewe.

Wapo wanaobisha kwamba maji hayo hayo yalikuwa juu, kwenye tangi la maji safi, kwa hiyo uzito wa gari haubadiliki. Kwa jumla ni kweli. Lakini maji yamehama. Asubuhi yalikuwa katikati ya gari juu ya sakafu, jioni yako nyuma chini ya bafu. Kitakachoyashikilia jioni ni kitu kingine, na tairi zitakazoyabeba ni nyingine. Halafu ukijaza maji safi kabla hujamwaga machafu, na wote hufanya hivyo, una tangi zote mbili zimejaa kwa pamoja. Hesabu siku hiyo, usihesabu siku nzuri.

"Sakafu ya basi ilibeba abiria 29, itashindwa na tangi?"

Hii ndiyo iliyoniangusha. Sakafu ya basi ni bati jembamba lililolazwa juu ya mihimili ya kukingama, na juu yake plaiwudi. Abiria wanaikandamiza kwenda chini, na bati linaegemea mihimili. Tangi la chini halikandamizi, linavuta. Bolti inashika bati katika duara dogo kama sarafu, na bati hilo likivutwa kwenda chini halina cha kuliegemeza ila ubishi wake lenyewe. Nilipoifungua ile Costa nikakuta kila tundu limepinda kama sahani, na kwenye matundu mawili kuna mpasuko mwembamba kama unywele, umeshaanza kutu. Yaani ulianza siku nyingi kabla flati bari haijakatika.

Tangi linatakiwa libebwe na chesisi, yaani mihimili mikuu ya chini ya gari, au na mihimili minene inayobeba bodi. Ikiwa huna njia ila kupita sakafuni, bolti ipite kwenye mhimili, na juu yake uweke bamba la chuma pana la milimita 5 au 6 kutawanya mvuto. Washa ya kawaida, ile pete ndogo ya chini ya nati, ni mapambo.

Mabasi mengi makubwa ya siku hizi hayana chesisi ya mihimili miwili mirefu kama lori. Yana fremu ya skwea paipu, paipu za mraba, iliyochomelewa mwili mzima. Hapo hakuna pa kubahatisha: unashika kwenye maungio, pale paipu zinapokutana, si katikati ya paipu moja inayojipinda.

"Weka bolti nene, imekwisha"

Bolti ya M10, yaani ya unene wa milimita 10, yenye namba 8.8 kichwani inaweza kuvutwa kwa zaidi ya tani 3 kabla haijaanza kurefuka moja kwa moja. Nne zinatosha kuinua Costa yenyewe. Kwa hiyo mteja anayesimama nyuma yangu akisema "weka ya 16 fundi" anatibu kidole wakati kinachouma ni tumbo. Bolti karibu kamwe haikatiki yenyewe. Kinachokatika ni bati lililoizunguka, au flati bari mahali ilipokunjwa, au mshono wa kuchomelea mwishoni pale moto ulipoachia.

Namba hizo za kichwani zina maana. Ya kwanza, 8, ni nguvu ya chuma, newton 800 kwa milimita moja ya mraba. Ya pili inasema kitaanza kulegea kikifika asilimia 80 ya nguvu hiyo. Bolti isiyo na namba yoyote, zile za kupimiwa kwa kilo, sijui imetengenezwa kwa nini, na chini ya tangi siiweki.

Tangi haliangushwi na uzito wake likiwa limesimama. Gari likitua kwenye shimo, kilo 170 zinaweza kuvuta kama kilo 350 au zaidi kwa kitambo cha kupepesa jicho. Mimi nauzidisha uzito huo kwa tatu na nalala usingizi. Breki ya ghafla nayo inalisukuma mbele: kanuni za Ulaya za kufunga mizigo zinataka kifungo kihimili asilimia 80 ya uzito wa mzigo kwenda mbele, na 50 kwenda pembeni na nyuma. Mkanda wa flati bari ulioning'inizwa kama bembea hauna kitu cha kuzuia tangi lisiende mbele, ni msuguano tu. Na plastiki yenye matope haina msuguano.

Kisha kuna lile jambo la kurudiarudia. Chukua waya wa chuma, pinda kushoto, pinda kulia. Mara ya kwanza haukatiki, wala ya tano. Ukitoka lango la Ngorongoro kushuka kwenda Seronera, katikati ya Serengeti, barabara ya vumbi ina mikunjo kama bati la paa, na kila mkunjo ni pindo moja. Ile flati bari yangu ilikatika pale pale nilipoikunja kwa nyundo juu ya ukingo wa kipande cha chuma. Pembe kali, kama karatasi iliyokunjwa kwa ukucha. Ningeikunja kwa mzunguko ingeishi zaidi. Isingeokoka, lakini ingeishi.

"Chomelea kwenye chesisi moja kwa moja, ndiyo imara"

Hili ni la mafundi wenzangu, na najua wengine watanuna. Chesisi za baadhi ya magari makubwa zimepikwa kiwandani kupata ugumu wake. Ukipiga moto pale, sehemu ya pembeni ya mshono inabadilika, inakuwa laini au inakuwa ya kukatika kirahisi, na ufa unaanzia hapo. Haupasuki kwako gerejini. Unapasuka miezi kumi baadaye, na siyo fremu ya tangi inayopasuka, ni uti wa mgongo wa gari.

Kila mhimili wa chesisi una umbo la herufi C iliyosimama. Midomo ya juu na ya chini ndiyo inayobeba mzigo mkubwa; ubavu uliosimama katikati unafanya kazi kidogo zaidi. Kwa hiyo midomo usiiguse, si kwa drili, si kwa grenda, si kwa moto. Tafuta kwanza matundu ambayo kiwanda kilikwisha yatoboa ubavuni, mara nyingi yapo. Yakikosekana, toboa ubavuni, mbali na midomo, kwa drili kali na siyo kwa moto wa gesi.

Ukilazimika kuchomelea popote kwenye gari, toa nyaya za betri kwanza na weka waya wa ardhi wa mashine jirani kabisa na mshono. Nimeshuhudia kompyuta ya injini ikifa kwa uvivu wa kushika spana namba 10 na kutoa nyaya hizo. Na kama tangi limekwisha tumika, moto usilikaribie. Maji ya choo yaliyokaa hutoa gesi, na mojawapo ni ile ile ya biogesi inayopikia chai vijijini. Lisafishe, lioshe, liache wazi, kisha liondoe kabisa kabla ya kuwasha mashine.

Ninachotengeneza sasa nakiita kitanda: engo, vyuma vya pembe, za milimita 50 kwa 50 kwa 5, zimezunguka tangi chini, zenye ukingo wa kulizuia mbele, nyuma na pembeni, na ndani sakafu nzima ya bati nene au plaiwudi ya baharini, ile inayohimili maji. Engo hiyo ni kama kilo 4 kwa mita, kwa hiyo kitanda kizima si mzigo wa kuogopa. Mikanda ya juu ipo, lakini kazi yake ni kuzuia tangi lisiruke.

Kosa langu la pili lilikuwa kukaza kitanda hicho kwenye mihimili yote miwili, pembe nne, chuma kwa chuma. Chesisi hujipinda, tairi moja ikipanda jiwe mihimili haiendi pamoja. Kitanda kigumu kinabishana nayo, na mmoja wao anapasuka. Siku hizi pembe mbili nazikalisha kwenye raba nene, zicheze.

"Plastiki ni ngumu, mikanda miwili inatosha kulibeba"

Plastiki ya matangi haya inalegea polepole ikibebwa mahali pachache, na ikipata joto inalegea haraka. Lione tangi lililokaa mwaka mzima juu ya mikanda miwili: tumbo limeshuka katikati, na maji ya mwisho hayatoki tena kwa sababu tundu la kumwagia limebaki juu ya bonde. Kitako chote kiegemezwe, basi. Katikati ya plastiki na chuma weka raba, kwa sababu mchanga ukiingia hapo unafanya kazi ya msasa. Ekzosi ikipita jirani, ihamishe au weka bati la kukinga joto lenye nafasi ya hewa. Propela shafti, ile nondo inayozungusha tairi za nyuma, ipewe nafasi ya kupanda na kushuka pamoja na springi, upime gari likiwa na mzigo.

"Nyuma kabisa kuna nafasi, tupia huko"

Nafasi ipo, na ina bei yake. Costa ndefu ina karibu mita 4 kati ya ekseli mbili, yaani vyuma vya tairi za mbele na za nyuma. Ukiweka kilo 160 mita moja na nusu nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haiongezewi 160, inaongezewa 220. Zile 60 za ziada zimenyanyuliwa kutoka tairi za mbele, zinazokata kona. Ni pembea ya watoto, hakuna uchawi. Mpitishe mteja kwenye mizani, pima ekseli moja moja, tangi zimejaa na watu wameketi, ulinganishe na kibao cha mtengenezaji chenye uzito unaoruhusiwa. Jumla inaweza kuwa halali huku ekseli ya nyuma inalia.

Nyuma pia ndiko kunakogonga chini gari likipanda kivuko. Valvu na paipu zisiwe kitu cha kwanza kugusa ardhi.

"Nusu tangi ni salama kuliko tangi lililojaa"

Kwa uzito, ndiyo. Kwa fujo, hapana. Maji yenye nafasi yanakimbia. Ukishika breki yanapiga ukuta wa mbele, ukiachia yanarudi. Aliyewahi kubeba ndoo kichwani anajua iliyojaa hadi ukingoni inatulia kuliko ya nusu. Tangi refu liwe na kuta za ndani zenye matundu, au gawa mawili madogo, na urefu wake uwekwe kukingama gari.

Paipu inayoshuka toka sinki nayo iwe na kiungo cha raba. Bodi inacheza kivyake juu ya chesisi, na paipu ngumu ya PVC itakatika shingoni. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita unatosha.

Kabla hujaingia chini kukagua, gari liwe juu ya stendi, jeki peke yake haitoshi, na tangi liwe tupu. Kila nati nikishaikaza naipiga mstari wa rangi nyeupe, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Baada ya kilomita 100 za kwanza mteja analala chini na tochi: mstari ukiwa umevunjika, nati imezunguka. Yule wa Karatu alirudi, nikamtengenezea kitanda bila kumdai, na bado hunitumia picha za mistari ile kila akimaliza safari. Moja tu iliwahi kusogea, ya nyuma kushoto, upande wa raba.