Breki ngumu kwenye Benzi ya zamani: kabla hujanunua busta

Gari la zamani likiletwa gereji kwa sababu breki zimekuwa ngumu, mara nyingi mwenyewe huwa ameshaambiwa kilichokufa ni busta, kile kifaa kinachotumia vakyumu (mnyonyo wa hewa) ya injini kuongezea mguu nguvu kwenye breki. Wengine huja nayo kabisa, iko kiti cha nyuma ndani ya boksi. Mimi naomba ibaki huko huko kwanza. Busta mpya ya Mercedes-Benz W123 ni ghali, na ile iliyotolewa kwenye gari jingine ni bahati nasibu: imekaa miaka zaidi ya thelathini kama yako, na huwezi kuona mpira ulio ndani. Katika mfumo huu busta ni kitu cha mwisho kushukiwa. Anza na mguu wako.

Zima injini. Kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali ikaze. Ishikilie hapo, mguu umetulia, kisha washa injini. Pedali inatakiwa izame kidogo chini ya mguu. Ikizama, busta inapata vakyumu na inafanya kazi. Isipozama, ama vakyumu haifiki au busta yenyewe imechoka, na bado hujui ni ipi.

Jaribio la pili: acha injini ingurume dakika moja au mbili, izime, subiri kidogo, kanyaga. Mara mbili tatu za kwanza pedali iwe laini, halafu ikaze. Ikiwa ngumu tangu mara ya kwanza, hewa imerudi ndani, na mshukiwa wa kwanza ni valvu ndogo ya plastiki inayoruhusu hewa itoke kwenye busta bila kurudi. Ichomoe uipulize kwa mdomo. Hewa ipite upande mmoja tu. Ikipita pande zote mbili umeshapata ubovu wako, tena wa bei nafuu.

La tatu: injini ikiwa inawaka, kanyaga breki na ushikilie, kisha zima bila kuondoa mguu. Kwa nusu dakika hivi pedali isisogee. Ikipanda na kukusukuma mguu, vakyumu inavuja, na sasa diaframu ya busta, yaani kiwambo cha mpira kilicho ndani yake, inaingia kwenye orodha ya washukiwa. Lakini ikishuka polepole kuelekea sakafuni, hilo ni tatizo la masta silinda (silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni) au mafuta yanayovuja mahali fulani. Busta haina jinsi ya kuzamisha pedali hadi chini. Gari kuvuta upande mmoja pia si kosa lake. Nenda kwenye magurudumu.

Baada ya hapo fuata mpira wa vakyumu, yaani bomba la mpira linalotoka injini hadi busta. Kuna ubovu mmoja unaowachosha mafundi wengi. Mpira wa awali ulipasuka, mtu akafunga wa petroli au wa hita kwa sababu kipenyo kilifanana. Mpira wa namna hiyo umetengenezwa kuzuia presha ya kutoka ndani, haukutengenezwa kunyonywa. Ukipata joto, tabaka la ndani huachana na la nje na kujikunja. Injini ikizimwa, ukiubonyeza kwa vidole unauona mzima kabisa. Injini ikiwaka, ndani umejifunga. Ukate kwa kisu ndipo utaona utando umening'inia. Weka mpira wa vakyumu wa breki, wenye ukuta mnene, na klipu mpya.

Sasa suala la kipimo, ambalo sisi wa nyanda za juu tunapaswa kulijua kuliko walioandika vitabu. Busta haina nguvu yake yenyewe; inatumia uzito wa hewa iliyotuzunguka. Mbele ya diaframu hewa imenyonywa, na ukikanyaga, hewa ya kawaida huingia nyuma yake na kuisukuma. Mombasa presha ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Nairobi, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni karibu 83. Chukua injini ya petroli inayoshusha presha hadi kilopaskali 35 ikiwa kwenye silensa (inanguruma bila kukanyagiwa mafuta), na diaframu ya kipenyo cha sentimita 23. Mombasa diaframu hiyo inasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 280. Nairobi ni karibu 200. Gari ni lile lile, busta ile ile. Kwa hiyo mtu aliyepanda nalo kutoka Pwani akisema pedali imekuwa nzito kidogo, huenda yeye hajakosea na gari halina ubovu.

Na saa ya vakyumu, kile kipimo cha mshale, husoma pungufu karibu inchi moja ya zebaki kwa kila mita 300 unazopanda. Kitabu kikisema inchi 18 hadi 21 za zebaki, hiyo ni namba ya pwani. Hapa ukiona 14, injini yako ni nzima. Nimeona silinda hedi zikifunguliwa kutafuta valvu zilizoungua kwa sababu tu saa haikufika 18.

Dizeli ni habari nyingine. Injini za 200D, 240D na 300D za W123, gari lililozinduliwa 1976, hazina vakyumu ya kutosha kwenye manifoldi (njia ya kuingizia hewa), kwa hiyo zina pampu ya vakyumu mbele ya injini. Mercedes wakaipa pampu hiyo kazi nyingi: husaidia breki, huzima injini unapogeuza ufunguo, na kwenye magari yenye senta loki hufunga na kufungua milango. Basi dereva akilalamika breki ngumu, muulize: ukitoa ufunguo, injini inazimika mara moja? Milango inafunga yote? Kama anazima kwa kufungua boneti na kubonyeza wenzo wa STOP, vakyumu inavuja mahali au pampu imechoka. Kiwambo kidogo cha mpira ndani ya mlango wa nyuma kikipasuka, mfumo mzima unaweza kunyong'onyea.

Njia ya kutenganisha ni rahisi. Kwenye bomba kubwa linalokwenda busta kuna vijitawi vidogo vya kwenda kwingine. Vichomoe na uvizibe kwa vifuniko vya mpira, ili busta ibaki peke yake na pampu. Pedali ikirudi laini, breki zako ni nzima. Kazi iliyobaki ni ya milango, na unarudisha kijitawi kimoja kimoja hadi umpate mwizi. Ikibaki ngumu, pima pampu yenyewe. Ukisikia inagonga gonga, usiendelee kuendesha. Beringi yake ikivunjika, vipande huangukia kwenye cheni ya taiming, na hapo hatuzungumzii breki tena, tunazungumzia injini.

Ubovu wa busta yenyewe upo, bila shaka. Kwenye petroli, silensa inayobadilika kila ukikanyaga breki ni dalili nzuri. Bana mpira kwa plaizi iliyofungwa kitambaa. Injini ikitulia, busta inavuja. Mlio mfupi wa hewa chini ya dashibodi unapokanyaga ni wa kawaida, mlio usiokoma si wa kawaida. Na kama mafuta ya breki yanapungua lakini magurudumu yote ni makavu, fungua nati za masta silinda uisogeze mbele taratibu, ingiza kitambaa cheupe nyuma yake. Kikitoka kimelowa, sili ya nyuma ya masta imekufa na mafuta yamekuwa yakiingia kwenye busta. Hapo badilisha vyote viwili, maana mafuta hayo huharibu mpira wa ndani, na masta mbovu itaua busta mpya vile vile.

Ukishafunga busta nyingine, pima fimbo inayosukuma masta. Ikiwa ndefu hata kwa milimita moja, pistoni hairudi mwisho wake, mafuta hayapati njia ya kurudi kwenye kopo, na breki zitajikaza zenyewe kadiri zinavyopata moto. Gari likikukwamia hivyo barabarani, kaza jiwe kwenye gurudumu, legeza nati za masta, isogeze mbele kidogo. Magurudumu yakiachia, ni fimbo. Yasipoachia, fungua njia ya mafuta gurudumu moja: likiachia hapo, mafuta yamefungiwa ndani ya masta au mpira wa breki umeziba; lisipoachia, kalipa (kifaa kinachobana breki kwenye gurudumu) imeshika kutu.