Diski ya Seva Ikifa, Usikimbilie Kuichomoa

Seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, ikianza kulia na taa ya trei moja ya diski ikageuka rangi ya chungwa, anayefika wa mwanzo hutaka kuivuta diski hapo hapo. Tulia kwanza. Seva nyingi za maofisini hufungwa kwa mpango wa RAID: diski kadhaa hubeba data kwa pamoja ili moja ikifa kazi isisimame. RAID 5 huvumilia kifo cha diski moja, RAID 6 mbili. RAID 0 haivumilii hata moja. Maana yake, diski moja ikishakufa kwenye RAID 5 huna tena akiba, na ukichomoa nyingine iliyo hai kwa makosa, mfumo wote unalala.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, Chake Chake, nilipokuwa mgeni wa kazi. Programu ilisema diski namba 2 imekufa. Nikahesabu kutoka kushoto, moja, mbili, nikavuta. Kumbe seva ile inaanza kuhesabu na sifuri, na namba 2 ilikuwa diski ya tatu. Mfumo ukalala, na foleni ya watu dirishani ilikuwa imefika mlangoni. Tangu siku ile sihesabu matundu. Nasoma namba ndefu ya diski kwenye programu ya kontrola, yaani kadi inayosimamia diski, naiamuru imulike taa ya trei hiyo, na diski ikitoka nalinganisha namba na ile ya kwenye kibandiko.

Kabla ya yote hayo, chukua nakala rudufu uiweke nje ya seva, kisha ujaribu kufungua mafaili mawili matatu uone kama yanafunguka. RAID si nakala rudufu: faili ukilifuta kwa bahati mbaya, limefutika kote. Na hatari kubwa inakuja baada ya kuweka diski mpya, wakati mfumo unajijenga upya. Diski zilizobaki husomwa mwanzo hadi mwisho kwa saa nyingi, na zikiwa za terabaiti nyingi hata siku nzima inapita. Mara nyingi zilinunuliwa pamoja na ile marehemu, zimekula joto lile lile. Ya pili ikianguka hapo, kitakachokuokoa ni hiyo nakala.

Usianze kama betri ya UPS, kile kifaa kinachoshikilia umeme ukikatika, imechoka. Aliyekuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa gizani miezi mitatu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Diski mpya iwe na aina ile ile ya kiunganishi, SAS kwa SAS, SATA kwa SATA, na ukubwa usipungue hata kidogo, kontrola huikataa. Iache ndani ya mfuko wake mpaka dakika ya kuiweka, maana hewa yetu ina chumvi na unyevu. Hakikisha seva inaruhusu kubadilishwa diski ikiwa inawaka. Kama hairuhusu, izime. Gusa chuma cha kasha kutoa umeme tuli mwilini, fungua kishikio, vuta trei kidogo tu, subiri nusu dakika sahani za ndani ziache kuzunguka, ndipo uitoe.

Ukishakosea na mfumo ukalala, usibonyeze chochote kinachokuuliza kuanzisha diski upya (initialize), wala usizibadilishe matundu. Andika kwenye karatasi kila diski ilikuwa tundu gani, piga picha ya skrini kwa simu, kisha muite fundi anayeijua kontrola hiyo.