Je, wajua kwa nini kome wa mtoni haokolewi bila samaki?

Aliyekulia kando ya hori ya Tudor, hapa Mombasa, humjua chaza tangu utotoni, kwa kuwa maji yakitoka hubaki wazi kwenye mizizi ya mikoko na humkata asiyevaa viatu. Chaza huyo huviachia baharini vitoto vyake, navyo huchukuliwa na maji kujaa na kupwa hadi vipate pa kunata. Kome wa maji baridi, nduguye wa mbali, hana nafasi hiyo. Mto huenda upande mmoja tu: kinachoelea Sabaki, hata kikianzia bara kabisa, huishia baharini karibu na Malindi, ambako chumvi ingemwua.

Kwa sababu hiyo kome wengi wa mtoni huwapandisha watoto wao juu ya samaki. Lava zao, ziitwazo glokidia, ni ndogo kama vumbi. Hujibana kwenye matamvua, hukaa humo wiki kadhaa, kisha huangukia mchangani popote samaki alipozifikisha, hata juu ya mto kuliko aliko mama. Kome wa Marekani wa jenasi ya Lampsilis humvuta samaki kwa makusudi: huchomoza nyama yenye umbo la kisamaki, pamoja na doa mithili ya jicho, akaitikisa, na samaki mkubwa akiiuma hupokea lava kinywani. Wavuvi wa mshipi wa Likoni wasingeona ajabu. Hicho ni chambo.

Bwawa likimzuia samaki, basi, kome hukosa uzao ilhali mwenyewe yu hai. Hapo ndipo macho hudanganyika, maana kome wa lulu wa Ulaya, anayewategemea samoni na trauti, huweza kupita miaka 100, na mto ukaonekana umejaa kumbe wote ni wazee. Marekani, ambako tangu 1891 viwanda vya Muscatine, Iowa, vilikata makombe ya kome kuwa vifungo vya mashati, ilitangaza mwaka 2023 kuwa spishi 8 za kome zimetoweka kabisa.

Kazi ya kuwarejesha huanzia kwenye ndoo. Mtaalamu humfungua kidogo kome mwenye mimba, humnyunyiza maji kwa bomba la sindano ili lava zitoke, kisha huzichanganya na samaki wa aina inayofaa, kwani si kila samaki anakubalika. Wiki chache baadaye huchuja maji ya tangi akitafuta vikome vilivyo kama chembe za mchanga, akavilea miezi au miaka, akavibandika namba na kuvirudisha mtoni. Siku ya ukaguzi wenye namba huhesabiwa, lakini anayetafutwa kwa hamu ni kome mdogo asiye na namba, aliyeletwa na samaki mwenyewe.