Ukiambiwa Hukopesheki, Anza na Ripoti Kabla ya Alama

Watu wengi wanaokuja kuniomba ushauri hapa Dar es Salaam huanza na swali moja: alama zangu za mkopo ni ngapi, na nifanye nini ili zipande? Swali hilo lina msingi, lakini limeanzia mwisho wa jambo. Alama ni namba inayokokotolewa na programu kutokana na kumbukumbu zilizopo juu ya mkopaji. Kumbukumbu zikiwa na kosa, namba nayo hubeba kosa hilohilo, na hakuna dirisha lolote mjini ambapo mtu anaweza kwenda kuomba namba yenyewe ibadilishwe. Kinachorekebishwa ni kumbukumbu, na kwa muda wote niliochambua maombi ya mikopo, nimeona kwamba kumbukumbu hurekebishwa ikadumu pale tu inaporekebishwa kwa mkopeshaji aliyeituma.

Sababu yake iko katika namna mfumo wetu ulivyojengwa. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006 iliweka msingi wa kanzidata ya taarifa za wakopaji, na kanuni za mwaka 2012 zikaeleza jinsi kanzidata hiyo na kampuni za taarifa za mikopo zitakavyofanya kazi. Benki na taasisi za fedha hupeleka taarifa za wateja wao kwenye kanzidata, na kampuni zenye leseni ya Benki Kuu huzitumia, pamoja na taarifa nyingine wanazozipata kihalali, kutengeneza ripoti na alama ambazo mkopeshaji atazisoma kabla ya kuamua. Kampuni za kwanza kupewa leseni ya kazi hiyo zilikuwa Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania. Kampuni hizi hazikukukopesha wala hazikupokea marejesho yako, kwa hiyo haziwezi kujua zenyewe kwamba deni fulani ulilimaliza. Zinajua kile tu walichoambiwa. Ukiwashawishi wao peke yao wafute kosa, na benki yako ikaendelea kutuma taarifa ileile, kosa litarudi.

Kabla sijaendelea, niseme neno kuhusu ushauri unaosambaa mtandaoni. Sehemu kubwa ya video ambazo watu hunionyesha kwenye simu zao zinazungumzia Marekani, ambako alama ya mkopo iitwayo FICO huanzia 300 hadi 850, na ambako asilimia 35 ya alama hiyo hutokana na historia ya malipo na asilimia 30 hutokana na kiasi mtu anachodaiwa. Wanaosikia habari hizo huanza kuulizia jinsi ya kutumia kadi za mkopo ili kupandisha alama, ilhali mikopo yao yote ni ya makato ya mshahara, ya SACCOS au ya simu. Kila kampuni ina kipimo chake, na namba isiyoambatana na kipimo chake haikuambii kitu. Jambo moja la huko, hata hivyo, linatuhusu: utafiti wa Tume ya Biashara ya Marekani uliotangazwa mwaka 2013 ulikuta kwamba mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kosa katika angalau ripoti yake moja. Ikiwa mfumo mkongwe kiasi hicho una makosa hayo, kudhani kwamba ripoti yako ni safi kwa sababu tu hujawahi kukwama kulipa ni kujidanganya.

Kuipata ripoti si kazi ngumu. Unaiomba mwenyewe, moja kwa moja kwa kampuni yenye leseni, ukiwa na kitambulisho cha Taifa, na unauliza mapema kama kuna ada. Usitosheke na kuambiwa namba kwa mdomo. Omba ripoti kamili, yenye orodha ya mikopo, tarehe, salio, siku za ucheleweshaji na majina ya taasisi zilizoulizia habari zako.

Isome kuanzia juu, kwenye utambulisho, hata kama macho yanakimbilia kwenye madeni. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo tarakimu iliyokosewa katika sehemu hiyo huonekana haraka. Mikopo ya zamani iliyochukuliwa kwa kitambulisho cha mpiga kura au leseni ya udereva ndiyo inayoleta shida zaidi, hasa kwa watu wenye majina yanayofanana. Juma Hassan wa Temeke na Juma Hassan wa Tabata wanaweza kujikuta wamefanywa mtu mmoja, na mmoja wao akabeba deni asilolijua. Ukiona mkopo wa simu usiokuwa wako, piga *106# uangalie laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, kwa sababu huenda kuna laini iliyosajiliwa kwa jina lako na inatumiwa na mtu mwingine.

Si kila jina geni ni kosa. Aliyekopa Twiga Bancorp au Benki ya Wanawake anapaswa kukumbuka kwamba benki hizo ziliunganishwa na Benki ya Posta mwaka 2018, na kwamba benki hiyo leo inaitwa Tanzania Commercial Bank. Deni lilihama pamoja na vitabu vya hesabu. Kosa litakuwepo ikiwa deni moja limeandikwa mara mbili, kwa jina la zamani na kwa jina jipya, na yote mawili yanaonyesha salio.

Makosa ninayokutana nayo zaidi yanahusu watumishi na wafanyakazi wanaokatwa kwenye mshahara, na hapa inafaa nikae kidogo. Mwalimu mmoja wa Mbagala aliniletea ripoti iliyoonyesha mkopo wake umecheleweshwa kwa zaidi ya siku 90, kiwango ambacho kwa lugha ya mabenki huufanya mkopo kuwa chechefu, yaani usiolipwa ipasavyo. Aliniambia, “Kaka, mimi sijawahi hata kuishika hiyo hela; inakatwa kabla sijaiona.” Alikuwa sahihi. Hati zake za mshahara zilionyesha makato ya kila mwezi bila kukosa, lakini fedha zilifika kwa mkopeshaji kwa kuchelewa, na mfumo wa mkopeshaji uliandika tarehe ya kupokea. Chini ya hapo kulikuwa na mkopo mwingine wa nyuma, uliomalizika, lakini ukiwa na salio dogo lililotokana na riba ya siku chache kati ya kato la mwisho na siku fedha zilipoingia. Salio hilo halikutosha hata nauli ya daladala ya kwenda na kurudi mjini, na lilikuwa limeendelea kuhesabiwa kama deni lililochelewa. Kwa afisa mikopo anayepitia maombi mengi kwa siku, udogo wa kiasi hautetei chochote, kwa sababu anachokitazama kwanza ni siku.

Katika hali kama hiyo, barua ya malalamiko yenye maneno makali haisaidii. Kinachosaidia ni kuoanisha nyaraka: hati za mshahara za miezi inayobishaniwa, taarifa ya mkopo kutoka kwa mkopeshaji, taarifa ya benki, na barua ya kumaliza deni kama mkopo umekwisha. Barua uandike kwa mkopeshaji, ukitaja namba ya mkopo, mstari wa ripoti unaoupinga, kilichoandikwa, na kinachopaswa kuandikwa. Nakala yake ipeleke kwa kampuni iliyotoa ripoti, ili ijue kwamba taarifa hiyo inabishaniwa. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, baada ya mwezi mmoja utaanza upya kwa afisa mwingine ambaye hajawahi kukusikia. Kosa likiwa la mwajiri, mkopeshaji atakurudisha kwa mwajiri, na kwa kweli hapo hana kosa, kwa hiyo nenda kwa mhasibu ukaombe uthibitisho wa tarehe makato yalipopelekwa.

Mkopeshaji akikaa kimya au akikataa bila sababu, utaratibu wa kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, chini ya kanuni za mwaka 2019, unakuruhusu kupeleka malalamiko Benki Kuu, mradi umeanza kwa mtoa huduma mwenyewe. Muhuri niliousema hapo juu ndio ushahidi kwamba ulianzia huko. Vilevile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayosimamia haki hiyo.

Jihadhari na vishoka wanaojitangaza kwamba “wanasafisha jina”. Hawana mlango wowote usiokuwepo kwako, na wengi huomba picha ya kitambulisho chako, jambo linaloweza kukuzalishia mkopo mpya usioujua. Na taarifa ya kweli haifutwi kwa malipo: ukichelewa kweli, rekodi ya kuchelewa itabaki kwa muda uliowekwa, ila ni haki yako iandikwe kwamba deni limelipwa na lini. Kuhusu programu za mikopo za simu, Benki Kuu ilitangaza mwezi Novemba 2024 orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Kabla ya kuanza kubishana na mkopeshaji wa simu kuhusu ripoti, hakikisha kwanza kama ni mkopeshaji anayetambulika.

Baada ya marekebisho kukubaliwa, subiri mkopeshaji atume taarifa mpya, kisha omba ripoti nyingine na uilinganishe na ya kwanza mstari kwa mstari. Alama zinaweza kupanda mara moja au kidogo kidogo. Lakini ripoti safi haiondoi masharti mengine: mtumishi ambaye makato yake yameshafika mahali ambapo hawezi kubakiwa na theluthi moja ya mshahara atakataliwa hata kama hajawahi kuchelewa siku moja. Kwa hiyo ukikataliwa tena, muombe afisa mikopo akuandikie sababu, ujue kama tatizo liko kwenye ripoti au kwenye mshahara.